Mbele ya Bunduki Kunatangulia Maneno: Katanga ya 1960, New York, na Telefone Zetu



Siku moja mu grupe yetu moja ya WhatsApp mesaji iliingia saa tano ya usiku. Ilikuwa sauti ya mutu asiyetaja jina lake: "Bandugu, bale batu bamekwisha kuingia mu muji. Bajifiche mu kartie, bako na silaha. Tuma ku magrupe yote mbele bafute." Dakika kumi hazikupita, ile sauti nikaikuta mu grupe ya familia, kiisha mu grupe ya kwaya. Asubuhi hakuna hata mutu mumoja aliyeona kitu. Lakini pa parking, kijana mumoja mwenye sura ambayo watu hawakuipenda alikuwa amekwisha kuzungukwa. Wanamuuliza kijiji cha babu yake. Wanamuambia atoe kadi ya muchaguzi. Kama si mama mumoja muuza bukari aliyesema "uyu mutoto namujua, nakaa naye parsele moja", sijui ingeisha namna gani.

Ile siku nilijiuliza: mutu wa kawaida anafika namna gani pa kukubali vita? Juu asubuhi hakuna mutu anaamuka tu anasema "leo napenda vita". Anapelekwa pale polepole, kwa maneno. Leo nataka tuangalie hii njia, na tuanzie hapa hapa kwetu, juu Lubumbashi iko na historia yake. Na ile historia inafika mpaka mu siasa ya Marekani.

1. Tarehe 11 mwezi wa saba 1960

Congo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku chache nyuma yake askari wa Force Publique wakaasi. Tarehe 11 mwezi wa saba, Moïse Tshombe, mukubwa wa chama cha CONAKAT, akatangaza hapa Elisabethville (njo jina la muji wetu wakati ule) kwamba Katanga imekuwa inchi yenyewe. Askari wa Ubelgiji walikuwa wamekwisha kuingia mu muji. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyotoa karibu tani 300,000 za shaba mwaka ule, ikaanza kulipa kodi yake kwa serikali ya Katanga, si tena kwa Léopoldville.

Sasa sikiliza sababu zilizosemwa. Hawakusema: "tunajitenga juu ya shaba". Walisema kwamba serikali ya Lumumba inavunja inchi, inaleta hofu, na nyuma yake kuko ukomunisti. Jambo la kweli lilikuwako ndani: maasi ya askari yalikuwa kweli, wazungu wengi walikimbia kweli, na watu wa Katanga walikuwa kweli na uchungu wao wa kuona mali yao inaenda mbali. Lakini ule uchungu ulichukuliwa na kupewa jina la adui, na lile jina njo lilifungua mulango wa bunduki.

Inaomba tukumbuke pia kwamba si Katanga muzima iliyosema ndiyo. Kaskazini, chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe kilikatala. Mwaka 1960 na 1961 gendarmerie ya Katanga, pamoja na askari wazungu wa kulipwa, wakachoma vijiji vya Waluba upande wa kaskazini. Vijana wa BALUBAKAT nao waliua watu. Pa Niemba, mwezi wa 11 mwaka 1960, askari 9 wa Ireland waliokuja na ONU walikufa. Kila upande ulikuwa na hadithi yake, na kila hadithi ilikuwa inaruka wafu wa upande mwingine.

2. Ofisi moja mu New York

Hapa wengi wetu hatufundishwi. Serikali ya Katanga haikupata hata inchi moja ya kuitambua rasmi. Lakini mu New York ilikuwa na ofisi yake ya habari, Katanga Information Services, chini ya Mubelgiji mumoja, Michel Struelens. Kazi yake ilikuwa kutuma habari ku magazeti, kuzungumza na wanapolitike, na kufanya Mumarekani wa kawaida, asiyejua hata Katanga iko wapi, aone ni jambo lake.

Alifanyaje? Hakumuelezea ule mutu mambo ya CONAKAT na BALUBAKAT, hangeyafuata. Alimupa hofu ambayo alikuwa nayo tayari. Wakati ule Marekani nzima ilikuwa inaogopa Urusi. Basi Katanga ikawa inchi ndogo ya Kikristo, rafiki wa wazungu, inayopinga ukomunisti, na ONU ikawa jitu kubwa linalotaka kuimeza.

Mwezi wa 12 mwaka 1961, wakati askari wa ONU na gendarme walikuwa wanapigana mu barabara zetu hapa, kamati moja ya Wamarekani, iliyoongozwa na Max Yergan, ilinunua ukurasa muzima mu gazeti New York Times kwa kutetea Katanga. Walilinganisha Katanga na Hungaria. Kwa mutu wa leo hii haisemi kitu. Lakini Mumarekani wa 1961 alikuwa bado anakumbuka vifaru vya Urusi vikivunja maasi ya Budapest mwaka 1956. Kwa neno moja tu, bila kueleza kitu, mutu aliyesoma alikuwa amekwisha kujua nani ni muzuri na nani ni mubaya.

Mu Senate, Thomas Dodd, senateri wa Connecticut, alikuwa anatetea Tshombe kwa nguvu, hata kama alikuwa wa chama kimoja na prezida Kennedy. Mwisho wa mwezi wa 11 mwaka 1961 alikuja mwenyewe hapa. Ile usiku walipomufanyia karamu, askari wa Katanga walikamata wakubwa wawili wa ONU waliokuwa wamealikwa, na mumoja wao, Brian Urquhart, akapigwa sana. Siku chache kiisha vita ikalipuka mu muji.

3. Hofu moja, mafundisho mawili

Kitu kinachonishangaza mimi ni hiki. Serikali ya Kennedy, ambayo ilikuwa inasaidia ONU, nayo ilikuwa inasema juu ya ukomunisti. Ilisema: kama Katanga inaendelea kujitenga, serikali ya Cyrille Adoula kule Léopoldville itaanguka, na wakomunisti njo watapata faida. Rafiki za Tshombe nao walisema: kama Katanga inavunjwa, wakomunisti njo watapata faida.

Hofu ni ile ile, lakini mumoja anaitumia kwa kusema "tumeni askari", na mwingine kwa kusema "zuieni askari". Ile inatufundisha kwamba hofu haina maelezo ndani yake. Mutu akikutia woga, bado hajakuonyesha kama dawa anayokupa ni ya kweli. Ni mambo mawili, na inaomba uyatenganishe: je, hatari iko kweli? Na kama iko, je, hii anayoniomba nifanye inaiondoa?

Kuko tena jambo la pili. Si kila propaganda ni uongo. Mwaka 1962 wanganga 46 wa muji wetu walitoa kitabu kidogo wakishitaki ONU kwamba ilipiga hospitali, ambilansi na nyumba za raia mu vita ya mwezi wa 12. Raia walikufa kweli kwa risasi na mabomu ya ONU. Yale maumivu yalibebwa mpaka Marekani na kutumiwa sana. Lakini wale Waluba waliochomewa vijiji kaskazini, na wale makumi ya maelfu waliokimbilia mu kambi ya ONU hapa hapa mu muji, ile hawakuionyesha. Basi usiulize tu: "je, hii picha ni ya kweli?" Uliza pia: "picha gani hawanionyeshi?"

Na wakati uongo ulihitajika, ulikuwako. Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 na wakauawa ile usiku. Serikali ya Katanga ikanyamaza. Tarehe 10 mwezi wa pili ikasema wametoroka. Tarehe 13, ministri Godefroid Munongo akatangaza kwamba wanakijiji wamewaua, na akakatala kutaja jina la kijiji. Ilipita miaka 40 mbele bunge la Ubelgiji litoe ripoti yake mwaka 2001 na kukubali kwamba Ubelgiji ilikuwa na madaraka ya kimaadili mu kile kifo. Na tuliona wote jino la Lumumba likirudishwa mwaka 2022, likipita mpaka Shilatembo.

Kujitenga kwa Katanga kuliisha mwezi wa kwanza 1963, kiisha mapigano matatu makubwa: mwezi wa 9 mwaka 1961, mwezi wa 12 mwaka 1961, na mwisho wa 1962. Ile ofisi ya New York haikufyatua hata risasi moja. Lakini ilifanya watu waamini kwamba bado kidogo musaada utakuja, na kwa ile sababu kukubaliana kulichelewa. Waliolipa si wale wa New York. Waliolipa walikuwa hapa, mu Kenya, mu Katuba, mu Albert, ile tunaita leo Kamalondo.

4. Marekani yenyewe: mara tatu

Tusifikiri kwamba hii ni ujinga wa Waafrika. Tuangalie Marekani yenyewe, yenye magazeti makubwa na bunge la nguvu.

Mwezi wa nane 1964, prezida Johnson alitangaza kwamba meli za Marekani zimeshambuliwa mara mbili mu ghuba ya Tonkin, pembeni ya Vietnam. Shambulio la kwanza lilikuwako. La pili, leo inajulikana kwamba halikutokea. Lakini tarehe 7 bunge likamupa ruhusa ya kutumia jeshi: wabunge 416 ndiyo, hata mumoja hapana, mu Senate 88 ndiyo, wawili tu hapana, Wayne Morse na Ernest Gruening. Haraka njo silaha ya kwanza. Walipewa siku chache tu kwa jambo lililochukua miaka karibu kumi na kuua watu wengi sana.

Tarehe 10 mwezi wa kumi 1990, musichana wa miaka 15, aliyetajwa tu kwa jina la Nayirah, alilia mbele ya wabunge huko Washington. Alisema ameona askari wa Irak wakitoa watoto wachanga mu mashini za hospitali ya Kuwait na kuwaacha wafe chini. Prezida Bush, baba, aliirudilia ile hadithi mara mingi. Mwezi wa kwanza 1991 Senate ikakubali vita kwa kura 52 na 47. Kiisha vita njo watu wakajua kwamba ule musichana alikuwa mutoto wa balozi wa Kuwait mu Marekani, na kwamba kampuni ya kufanya publisite, Hill & Knowlton, njo ilimutayarisha. Ile hadithi haikupata ushuhuda. Irak ilikuwa kweli imevamia Kuwait, ile hakuna anayekatala. Lakini walifikiri ukweli peke yake hautoshi, inaomba machozi ya mutoto.

Mara ya tatu inatugusa sisi wa Katanga. Tarehe 28 mwezi wa kwanza 2003, prezida Bush, mutoto, alisema Irak imetafuta uranium mu Afrika. Walikuwa wanasema juu ya Niger. Sisi tunaojua Shinkolobwe, ambako uranium ya bomu la Hiroshima ilitoka, tunajua uzito wa ile neno. Tarehe 5 mwezi wa pili, Colin Powell, mutu ambaye wengi walimuheshimu, akaonyesha ku ONU picha na sauti za kuhakikisha kwamba Irak inaficha silaha kali. Mwezi wa tatu, mukubwa wa shirika la ONU la nguvu za atomu akasema barua za Niger si za kweli. Hakuna aliyesikia. Siku chache kiisha vita ikaanza. Zile silaha hazikupatikana.

Ukiweka hizi pamoja na Katanga, unaona vyombo ni vile vile. Adui anapewa jina fupi. Muteswa mumoja anaonyeshwa na wengine wanafichwa. Kinywa kinachoaminika njo kinatumwa kusema. Inaombwa haraka. Na yule anayesema "ngojeni kwanza" anaitwa musaliti.

5. Kwetu: kutoka bilulu mpaka leo

Wazazi wetu wanaijua hii pasipo kusoma vitabu. Mwaka 1991 Gabriel Kyungu wa Kumwanza alikuwa gavana. Mu mikutano ya UFERI Wakasai walikuwa wanaitwa *bilulu*. Watu waliimba, wakacheka, ilikuwa sawa masihara. Lakini kilulu hakina mutoto, hakina parsele, hakina diplome. Kilulu unakiponda. Mwezi wa nane 1992, Étienne Tshisekedi alipochaguliwa waziri mukuu mu Conférence nationale, fujo ikaanza Likasi, na mwaka 1993 ikafika Kolwezi. Watu waliozaliwa hapa, wenye baba waliozaliwa hapa, walilala miezi pa gare wakingoja treni. Mamia ya maelfu walikimbia, na wengi walikufa mu njia kwa njaa na magonjwa.

Mwezi wa nane 1998, wakati vita ya pili ilianza, Abdoulaye Yerodia alisema ku redio maneno ya kulinganisha adui na wadudu na mikrobe. Kinshasa watu wakachomwa wakiwa hai. Ubelgiji ilitoa waranti ya kumukamata mwaka 2000. Mahakama ya La Haye iliivunja mwaka 2002 juu alikuwa ministri wa mambo ya inje, si juu ya kusema maneno yale yalikuwa mazuri.

Na leo? Vita ya Mashariki ni ya kweli. M23 ilichukua Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili. Ripoti za wataalamu wa ONU zimeandika musaada wa Rwanda. Kukasirika ni haki yetu, na inchi iko na haki ya kujitetea. Sisemi kwamba kila mutu anayeita vita ni muongo. Nasema hivi: kati ya "Rwanda imetushambulia" na "angalia pua ya jirani yako" kuko hatua moja tu, na hii hatua si jeshi linaifanya. Ni sisi, na kidole kimoja ku telefone. Yule kijana wa pa parking hakuwa Goma. Alikuwa anaenda kazi.

6. Mbele ya kutuma, jiulize

Sisi tuliosoma tuko na shida moja: watu wanatuamini. Ukituma kitu, mama yako anasema "mutoto wangu wa universite njo ametuma". Kwa ule mama, wewe ni Colin Powell wake. Basi jiulize mambo matano.

Nani anasema, na ana jina? Sauti isiyokuwa na jina, isiyokuwa na fasi wala tarehe, iache ifie kwako.

Wanamuita mutu jina gani? Wakianza kusema nyoka, bilulu, mikrobe, ujue hawasemi tena juu ya kosa la mutu, wanatayarisha mikono ya watu.

Nani hayuko mu ile picha? Tafuta wafu wa upande mwingine.

Kwa nini haraka? Kama ni kweli leo, itakuwa kweli kesho asubuhi pia.

Na nani atalipa? Angalia kama anayekuita ku vita atatuma mutoto wake, ao atabakia mu ofisi yake sawa ile ya New York.

Ukikuta uongo mu grupe, usinyamaze, lakini usitukane. Andika tu: "Ndugu, hii umeitoa wapi?" Mara mingi ile sauli inatosha. Na wewe ukikosea, rudi mu grupe ile ile useme "nilikosea". Kusema vile hakupunguzi diplome yako.

Wazee waliokuwa na miaka 15 mwaka 1960 leo wanafika 80. Wale wa 1992 njo baba na mama zetu. Jumapili kiisha misa ao ibada, mukikaa pa bukari, muwaulize tu swali moja: mbele bunduki zisikilike, watu walikuwa wanasema nini? Wengi watakuambia hawakuona vita ikikuja, waliona paka watu wanacheka bilulu. Muandike majibu yao mbele hawajaenda nayo.